Siku Tuliyoifungua Motere

Kituo cha maji nilichofanyia kazi Kindu wakati wa vita kilikuwa chini kabisa ya mteremko, karibu sana na mto Lualaba, kiasi kwamba msimu wa mvua tuliingia ofisini kwa kukanyaga matofali. Kazi yangu ilikuwa dawa. Nilipima maji yaliyovutwa kutoka mtoni, nikayatia dawa ya kuyasafisha, nikayaonja kabla hayajapandishwa kwenye tangi kule juu mjini. Nilikuwa mwanamke peke yangu pale. Mambo ya mashine sikuyajua, wala sikuyataka.

Mkuu wa kituo tulimwita Papa Chefu. Alikuwa mtu wa Kibombo, Mwislamu asiyekosa swala, aliyesomea ufundi Lubumbashi na kurudi kwao wakati wenzake wote walibaki huko kwenye migodi ya shaba. Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, alipita kwenye mashine. Aliegemeza ncha ya bisibisi kwenye chuma, akaweka mpini wake sikioni, akafumba macho. Mwanzoni nilidhani anaomba dua.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anaisimamisha pampu nzima, isiyo na kasoro, eti aibadilishie mafuta.

"Mashini itasimama tu, mwanangu," aliniambia. "Siku ya kusimama utachagua wewe, ao itachagua yenyewe. Ikichagua yenyewe, itachagua siku mbaya."

Nilicheka. Wakati ule maji ya bomba yalitoka kwenye robineti mchana kutwa, treni ilifika kutoka kusini na mahindi na chumvi, na siku mbaya ilikuwa siku ya kukosa samaki sokoni.

Kisha watu wenye silaha wakauteka mji. Sitasema walikuwa wa nani, maana waliokuja baada yao hawakuwa tofauti sana. Treni ilikatika. Barabara zikafungwa na wapiganaji wengine waliokaa msituni, na mtu aliyetoka kwenda shambani kwake kuchuma sombe, yale majani ya muhogo, hakuwa na hakika ya kurudi. Mji mzima ukawa kama chumba kilichofungwa mlango kwa nje. Kilichobaki wazi ni mto, na mtoni siku hizo vilipita vitu ambavyo wanawake waliokwenda kufua walivitazama, kisha wakawageuza watoto wao nyuso.

Ndiyo maana maji yetu yalikuwa na maana. Tukishindwa kuyasukuma, watu wangeinama pale pale kando ya mto na bidoni zao, yale madumu ya maji.

Tulikuwa na motere mbili za kutengeneza umeme wa pampu. Moja ilikuwa mpya, ya rangi ya njano, iliyoletwa na wafadhili muda mfupi kabla ya vita. Ilikuwa nyepesi na haikupiga kelele. Nayo ilitaka mafuta safi ya dizeli na kichujio kipya kila mara. Nyingine ilikuwa ya zamani za Wabelgiji, kubwa kama kibanda, nyeusi, imefungwa kwenye sakafu kwa boliti nene kama mkono wangu. Iliwashwa kwa hewa iliyobanwa kwenye chupa ya chuma. Ilitumia muda mrefu kupata moto, na ilipozunguka, vikombe vilicheza mezani.

Wiki ya kwanza ya utekaji Papa Chefu alituita, mimi na mafundi wake wawili waliokuwa hawajakimbia.

"Watakuja kuchukua motere," alisema. "Hatuna nguvu ya kuwazuia. Tunaweza tu kuchagua ipi waichukue."

Fundi mmoja akasema mara moja, "Tuifiche ile mpya, Papa. Ile muzee iko karibu kufa."

"Ile mpya itakula dizeli, na dizeli haitakuja tena. Kichujio chake hakipatikani hapa wala Kisangani. Ikikwama siku moja, njo mwisho. Ile muzee itakula chochote."

Basi tukaipaka ya zamani masizi na grisi chakavu, tukatoa mikanda, tukatupia magunia juu yake na kuku wakaanza kulala humo. Ile ya njano aliiosha kwa sabuni na kuifuta kwa kitambaa hadi ikang'aa. Walipokuja na lori, aliwaonyesha mwenyewe jinsi ya kufungua nyaya zake bila kuziharibu. Niliona uchungu kifuani kama mtu anayemwona mwizi akihudumiwa chai. Walipoondoka, wakiimba, Papa Chefu alinawa mikono akaniambia niwafukuze kuku.

Dizeli iliisha upesi, kama alivyosema. Kilichobaki mjini ni mawese, kwa sababu michikichi ilikuwepo hata ndani ya mji. Motere ile ya zamani ilikubali mawese, mradi yachemshwe kwanza na kuchujwa vizuri, na mradi tuiwashe na kuizima kwa dizeli kidogo tuliyoitunza kama dawa ya mgonjwa. Kazi ya kuchemsha nilipewa mimi, kwa kuwa, mafundi walisema, jiko ni la mwanamke. Nilikasirika, lakini jikoni kwangu ndipo nilipoanza kujifunza mashine. Nilijifunza kwamba mawese yenye maji ndani huifanya ikohoe. Nilijifunza kwamba ikila mawese machafu siku moja, wiki nzima itatoa moshi mweusi.

Moshi wake ulinukia mikate ya kukaangwa. Upepo ukivuma kutoka mtoni, mtaa mzima ulinukia hivyo, na watu waliokuwa wakilala na njaa walikuja hadi getini wakinusa. Ilituchekesha siku mbili tatu. Kisha akaja askari, bunduki begani, akauliza nani anakaanga mikate mingi hivyo asiwape wenye vita. Papa Chefu hakuwa na njia ya kuficha tena. Alimpeleka ndani, akamwonyesha.

Kesho yake alikuja mkubwa wao mwenyewe.

Alikuwa mtu mtaratibu, mwenye shati lililopigwa pasi. Hakuinua sauti hata mara moja katika siku zote nilizomwona. Alizunguka motere, akaigusa, akaomba maji. Nilimpa kwenye glasi yangu ya kupimia. Akanywa polepole mpaka yakaisha.

"Maji mazuri," alisema. "Kuanzia sasa mashini hii itafanya kazi mchana kutwa, na waya mmoja utafika nyumbani kwangu."

"Mukubwa," Papa Chefu alijibu, "motere hii iko na ugonjwa. Tunaitembeza asubuhi kidogo, inajaza tangi, inapumzika. Ukiichosha, itavunjika, na askari wako pia watakunywa maji ya mto."

Yule mtu akamtazama kwa upole, kama daktari anavyomtazama mgonjwa. "Basi usiiache ivunjike."

Tukavuta waya. Motere ikaanza kufanya kazi kutoka jua linapochomoza hadi linapozama, ikisukuma maji na kuwasha friji la mkubwa na taa zake na redio yake. Hakuna aliyetulipa, na hatukuuliza. Papa Chefu sasa alikaa kando yake muda wote. Alinikabidhi bisibisi.

"Sikiliza."

Nilisikia kelele tu.

"Chini ya kelele," akasema. "Ngoja."

Siku kadhaa baadaye nikaisikia. Chini kabisa, nyuma ya mngurumo, kulikuwa na kitu kikigonga, si kwa nguvu, kama mtu anayebisha mlango wa jirani. Papa Chefu akanieleza. Ndani ya motere kuna shafti kubwa inayozunguka, na shafti hiyo imelala juu ya vibamba vya chuma laini vinavyoitwa kusineti. Kusineti moja ilikuwa imeliwa. Ikiisha kabisa, chuma kigumu kitakutana na chuma kigumu, shafti itakatika, na hakuna mtu katika mkoa mzima wa Maniema atakayeitengeneza.

"Na kusineti nyingine zipo?"

"Ziko. Seti moja. Nilizificha kwangu kabla hawajafika. Ninahitaji siku moja tu ya kuifungua."

Alikwenda kwa mkubwa kuiomba siku hiyo. Alirudi akaniambia mkubwa alikuwa na wageni wanaokuja kwa ndege, hataki friji lizimike. Akaenda tena baada ya wageni kuondoka. Safari hiyo hakuruhusiwa kupita getini. Kule kituoni kile kitu kilichogonga kilikuwa kimezidi. Sikuhitaji bisibisi tena. Nilikisikia nikiwa napima dawa, nikakisikia nikiwa nyumbani nimeinamia sufuria, nikakisikia hata mahali ambapo hakikuwepo.

Nilimwambia wazi, "Papa, tukiizima atatuua."

"Ikivunjika pia atatuua, atasema tumeiharibu makusudi. Na mji utabaki bila maji. Ukiweka vyote kwenye mizani, afadhali kuizima. Lakini mizani hii ni yangu. Wewe siku hiyo ubaki kwako na watoto."

Sikubaki. Sikuwa shujaa, niliogopa tu zaidi kukaa nyumbani bila kujua.

Siku ilikuja yenyewe. Tulisikia mkubwa amevuka mto kwenda Alunguli na wasaidizi wake, na kwamba angelala huko. Pirogi yake, ule mtumbwi wa kuvukia, ilipokuwa bado katikati ya mto, Papa Chefu alishusha mkono wa mafuta. Motere ikapunguza mwendo, ikahema, ikasimama. Ukimya uliofuata ulinitisha kuliko risasi. Nilisikia maji ya Lualaba yakipiga ukingo. Nilisikia kuku.

Mafundi walitandika sakafuni shuka nililoleta kutoka nyumbani, wakapanga kila kipande kwa mpangilio wake. Papa Chefu aliingia nusu mwili ndani ya tumbo la motere, akatoa kusineti ya zamani na kuiweka kiganjani mwangu. Ilikuwa imekwanguliwa mpaka kwenye shaba, nyembamba kama ganda la muhogo, na upande mmoja imepasuka.

"Ingefika wiki?" nilimuuliza.

"Isingefika kesho jioni."

Jua lilikuwa limepita kichwani tuliposikia risasi ng'ambo. Wapiganaji wa msituni walikuwa wameingia Alunguli. Fundi mmoja aliyekuwa mlangoni akageuka. "Papa. Pirogi inarudi."

Hakuna aliyekimbia. Pa kukimbilia palikuwa wapi? Papa Chefu alisema tu, "Nipe ufunguo ule mukubwa," akaendelea kukaza boliti.

Mkubwa aliingia na suruali iliyolowa hadi magotini. Aliitazama motere iliyofunguliwa, akatazama vipande juu ya shuka, akatutazama mmoja mmoja. Askari wake walijaza mlango. Nilingoja apige kelele. Akavuta kigoda changu cha kupimia dawa, akakaa, akatoa bastola yake na kuilaza pajani.

"Endelea," alisema. "Nitangoja."

Sijawahi kuona kazi ndefu kama ile. Papa Chefu alikaza boliti, akapima kwa bamba lake, akalegeza, akakaza upya. Hakuharakisha hata moja. Alipotaka kitu alinyoosha mkono bila kugeuka, nami nikampa. Mara moja niliangusha nati, ikavingirika mpaka kwenye kiatu cha mkubwa. Akaiokota, akaitazama kwenye mwanga, akanirudishia.

Ilipofungwa yote, ikabaki kuwasha. Chupa ya hewa ilijazwa na motere yenyewe ilipokuwa ikifanya kazi, na hewa iliyokuwemo ilitosha mara moja tu. Ikikataa, ndiyo basi, hapakuwa na njia nyingine ya kuizungusha. Papa Chefu alifuta mikono, midomo yake ikacheza kidogo, akafungua vali.

Motere ilizunguka kwa uzito. Ikapiga chafya moja. Ikazunguka tena, polepole zaidi, nikaona hewa inakwisha, nikafumba macho. Kisha ikashika. Sakafu ikatetemeka, vikombe vikaanza kucheza. Niliweka bisibisi, nikasikiliza chini ya kelele. Hapakuwa na anayebisha.

Mkubwa alisimama, akarudisha bastola mahali pake. Alikuwa akitabasamu.

"Vizuri sana," alisema. "Mtu kama wewe hawezi kukaa hapa kusukuma maji. Nina mashini nyingine zinazolala. Twende."

"Leo, mukubwa?"

"Sasa."

Papa Chefu aliomba kunawa. Nilimmiminia maji, na akiwa ameinama juu ya beseni alisema kwa sauti ya chini, haraka, "Kusineti mpya zinataka upole. Usiruhusu joto lipite alama nyekundu, hata wakikupiga. Na umwambie mama watoto nimekula." Hakuwa amekula. Wakampandisha lori. Alikaa katikati yao, mikono magotini, kama abiria.

Hakurudi.

Mke wake alikuja kituoni kila asubuhi, akasimama karibu na mlango. Mjini walisema mengi. Wengine walisema alipakiwa ndege, wengine walitazama mto. Mimi nilibaki na motere. Mafundi wawili walijua kukaza na kulegeza, lakini hakuna aliyetaka kuwa yule ambaye mkubwa angemwita kwa jina, kwa hiyo kila jambo lililowaponyoka mikononi liliangukia kwangu. Nilijifunza kusema hapana kwa watu wenye bunduki kwa sauti isiyo ya kiburi. Mara nyingine ilifaa. Mara moja nilipigwa kitako cha bunduki begani, na joto halikupita alama nyekundu.

Mkubwa yule alihamishwa, wakaja wengine, wakaondoka. Motere ilikuwa bado inazunguka treni ya kwanza ilipopiga honi tena, na watu wakakimbia kwenda stesheni wakilia.

Baada ya vita mchimbaji mmoja wa madini kutoka Kalima alikuja kututafuta. Alikuwa mtu wa makamo, kikohozi kimemjaa kifuani. Alituambia mimi na mke wa Papa Chefu kwamba alimjua. Walikuwa pamoja kwenye shimo moja huko, ambako wale watu wa mkubwa waliwalazimisha wanakijiji kuchimba kasiteriti, madini ya bati, na Papa Chefu alikuwa akitengeneza pampu za kutoa maji shimoni.

"Alikataa kuziacha zichoke," alisema mchimbaji. "Pampu ikizimika, sisi tuko chini. Aligombana nao kila siku kwa ajili hiyo. Alituambia tutoke, kisha anaizima, anaitengeneza. Alipigwa sana. Lakini shimo letu halikuzama."

"Alikufaje?" mke wake akauliza.

"Malaria, mama. Tulimzika sisi wenyewe, na Mwislamu mmoja akamsomea dua. Naweza kukuonyesha mahali."

Walikwenda pamoja, na mke wa Papa Chefu akarudi ametulia. Hakuja tena kusimama mlangoni.

Ile motere sasa ni chuma cha makumbusho, imezungukwa na nyasi. Tuna pampu mbili za umeme wa jua na betri, na mkuu wa kituo ni mimi. Mji umekua maradufu. Tangu vita vya mashariki viwake upya, watu wanafika kila siku kutoka njia ya Lubutu na njia ya Kivu, wakiwa na magodoro kichwani, na wote wanakunywa. Pampu zilizonunuliwa kupokezana, moja ikifanya kazi nyingine ikipumzika, zinafanya kazi zote mbili bila kupumzika.

Mwezi uliopita moja ilianza kupata joto. Si sana. Nilipiga simu kwa wakubwa wangu.

"Mama, usizime," sauti ilisema. "Wakimbizi, kipindupindu, wageni wa serikali wanakuja. Ngoja kidogo."

"Nikingoja itakufa, na kuipata nyingine ni mwaka mzima."

"Ikifa tutaomba msaada. Ukiizima ni wewe umeizima."

Niliizima. Nilikwenda redioni kwanza, nikatangaza mitaa gani ingekosa maji na kwa sababu gani. Hata hivyo asubuhi wanawake walijaa getini na bidoni tupu. Mmoja, aliyefika juzi tu na mtoto mgongoni, aliniuliza kama najua yeye ametembea kutoka wapi. Nilimwambia nampa maji ya tangi dogo la kituo, na nikampa, lakini tangi halikutosha wote, na waliobaki walishuka mtoni mbele ya macho yangu.

Tulipofungua pampu, gololi za ndani ya rulma, ile beringi inayoshikilia shafti, zilimwagika sakafuni, zimechubuka, baadhi zimepasuka. Fundi wangu mkuu alizitazama, akanitazama, akakaa chini. Rulma mpya iliagizwa. Ilifika Kisangani kwa ndege, ikapakiwa lori kuja kwa njia ya Lubutu. Dereva alinipigia jana. Lori limezama kwenye tope, wako kwenye foleni ya malori, na nyuma yao, alisema, wanaotembea kwa miguu wameongezeka tena.

"Wanakimbia nini?" nilimuuliza.

"Hawasemi, mama. Wanatembea tu."

Wageni wa serikali walikuja, wakanawa mikono kwa maji yetu, wakaondoka. Barua ya kunionya ipo njiani, nimeambiwa. Pampu moja ndiyo inayobeba mji mzima, na nimeigawia saa: mtaa wa Kasuku asubuhi, wa Mikelenge alasiri, wakimbizi kila wakati kidogo kidogo. Katikati ya mchana naizima ipoe, hata wakipiga kelele getini. Nimewaambia wanangu wajaze kila ndoo na kila sufuria nyumbani, wafunike. Binti yangu mkubwa aliniuliza kuna nini. Nilimwambia ajaze tu.